Volti Tano

Njiru, saa mbili asubuhi. Mawe ya machimbo bado yana baridi
na eskaveta imelala, ndoo chini,
kama mtu aliyeangukia kiganja.
Saa elfu tisa mia nne kwenye mita,
na hizo ni zile zilizokubali kuhesabiwa.
Ilishuka melini na rangi mpya juu ya kutu ya zamani.
Inawaka, inanguruma kinyonge,
ikikutana na jiwe inazimika.

Gathungu amesimama na risiti tatu.
Sensa ya shinikizo la oili, mpya.
Sensa ya reli ya dizeli, mpya.
Sensa ya hewa ya tabo, mpya, tena hiyo kwa deni,
Barabara ya Kirinyaga, kwa mtu asiyepokea tena kitu cha umeme
kikishavuka kizingiti chake.
Na skrini bado inataja makosa yale yale matatu,
kwa mpangilio ule ule, kama mtoto aliyekaririshwa.

"Lisemwalo lipo," ananiambia.
Lipo, mzee wangu.
Lakini si lazima liwe pale linaposemewa.

Mimi sikuja na sensa. Nimekuja na kipima volti chenye kioo kilichopasuka,
pini mbili za kushonea, na chapati ndani ya gazeti.
Nafungua swichi bila kuwasha injini.
Napenyeza pini nyuma ya plagi, taratibu, nisiuchubue waya.
Hapa panatakiwa volti tano.
Nasoma moja nukta nane.
Plagi ya pili: moja nukta nane.
Ya tatu sikuihitaji, ila niliipima
kwa sababu Odera, dereva, alikuwa ameniinamia begani
akisubiri kama anayesubiri matokeo ya mtihani wake mwenyewe.

Hawa watatu wanakula sahani moja.
Ukiwaona wote wameshika tumbo siku moja
usiwafukuze kazi. Onja chakula.

Nachomoa zote. Bado moja nukta nane.
Basi ni njiani.

Sasa inaanza ile kazi isiyo na jina kwenye risiti:
kulala kifudifudi juu ya pampu yenye mafuta,
kuufuata mkungu wa waya kwa vidole kutoka kebini,
nyuma ya tangi, chini ya bano la chuma,
kuuvuta, kuutikisa, kupiga kelele:
"Ngapi?"
"Moja nukta nane."
"Ngapi?"
"Ile ile, fundi."
Jua limenipata mgongoni. Malori ya kokoto yanapita na vumbi lao.
"Ngapi?"
Kimya.
"Odera!"
"Tano! Hapana, imerudi. Tano! Shika hapo hapo!"

Nimeshika.
Chini ya kidole changu pana utepe mweupe,
umezungushwa vizuri kuliko nilivyowahi kuzungusha chochote,
na juu yake kalamu imeandika herufi za Kijapani nisizozijua
na tarakimu ninazozijua: 14, halafu 6.
Kuna mtu alilala hapa kabla yangu.
Bomba hili hili lilimbana tumbo.
Aliunga waya, akaufunika, akaandika siku, akaenda kula.
Utepe wake ulivuka bahari mzima,
ukaja kuchoka Njiru kwenye ukingo wa bano,
shaba ikaota ukijani, ikalalia chuma.

Nakata. Naunga. Natia lehemu, navisha mpira.
Eskaveta inanguruma hadi kwenye meno yangu.

Sensa za zamani Odera alizitupa kwenye kopo la grisi.
Nazitoa, nazifuta kwa shati.
"Hizi hazikuwa na kosa," namwambia Gathungu.
Ananitazama kana kwamba nimemtetea mwizi.

Utepe mweupe niliutia mfukoni.
Kwenye wangu sikuandika tarehe.
Nilikumbuka nikiwa nimeshafika Kayole,
nanawa mikono kwa mara ya tatu.